Alamu ya kitandani kwa mtoto anayekojoa usiku: wiki 11 za nyumbani kwangu

Mama wa Tabata

Habari zenu wote. Huwa nasoma tu hapa bila kuandika, lakini hili limenishinda kunyamaza. Mwaka jana nilitafuta uzi wa aina hii kwa Kiswahili nikakosa. Nilikuta ushauri wa mizizi, wa kumnyima mtoto maji, na wengi waliosema "ataacha akikua". Sikumkuta mzazi hata mmoja aliyesema: nilitumia alamu, ikawa hivi na hivi.

Mwanangu wa kwanza ana miaka 8 na nusu. Mchana hana shida yoyote. Usiku, ukimlaza saa tatu, saa sita kitanda kimeshalowa, na yeye anaendelea kulala palepale hadi asubuhi. Nyuma ya ukuta wetu kuna jenereta la jirani na mbwa watatu. Hasikii kimoja kati ya hivyo.

Naomba nianze na kosa langu, maana sitaki mtu anione hodari. Nilimchapa. Mara mbili, alipokuwa na miaka 6. Na asubuhi moja nilimtoa uani na shuka lake, mbele ya wadogo zake, nikamwambia alifue mwenyewe. Alifua. Alipomaliza kulianika akaja jikoni, mikono ina povu, akaniambia taratibu: "Mama, mimi huwa sijui. Nikiamka nakuta tayari." Nilikaa chini kwenye kigoda nikashindwa kumjibu.

Jioni ile nilimweleza baba yake. Akanyamaza sana, kisha akasema na yeye alikojoa kitandani hadi darasa la sita. Tuna miaka 11 ya ndoa, ndiyo mara ya kwanza kunieleza.

Hospitali daktari alimpima mkojo, akamminya tumbo, akauliza kama anapata choo vizuri na kama anakoroma. Kila kitu kikawa sawa. Akasema kwa mtoto kama huyu kuna alamu. Sikuwahi kuisikia. Madukani niliulizia nikakosa, mwisho nikaagiza mtandaoni, ikaja na mizigo ya wakala wa Kariakoo. Pamoja na usafiri haikufika shilingi 80,000.

Ni kitu kidogo, ukubwa wa kiberiti. Kinabanwa begani kwenye fulana, kina waya mwembamba unaoshuka ndani ya nguo hadi kwenye chupi, na mwisho wa waya kuna kibanio chenye vipande viwili vya chuma. Tone la mkojo likigusa vile vyuma, kinalia na kutetemeka. Hakuna umeme wa kumdhuru, ni betri ndogo tu kama za rimoti.

Usiku wa kwanza kililia saa tano na dakika arobaini. Mimi niliruka kitandani nikidhani ni mwizi. Mume wangu aliruka. Mdogo wa mwanangu aliyelala kitanda cha pili alianza kulia. Yeye mwenyewe, kitu kinapiga kelele sentimita chache kutoka sikioni, amelala fofofo, mdomo wazi.

Nikarudi chumbani nikamwambia mume wangu tumetupa hela. Hatukuwa tumetupa. Nitaendelea kueleza, ila kwanza nataka kujua kama kuna mwingine humu aliyeitumia.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Dada, asante kwa kuliandika hili. Nimefanya kazi wodi ya watoto miaka mingi, na ulichokiona usiku wa kwanza ndicho kila mzazi hukiona. Mtoto haamki. Hapo ndipo wengi wanairudisha kwenye boksi.

Sikilizeni namna ilivyo. Kwa mtoto wa hivi yanakutana mambo matatu, au mawili kati yake. Figo zinatengeneza mkojo mwingi usiku, kwa sababu homoni inayopaswa kupanda tukilala na kupunguza mkojo bado haijapanda vya kutosha. Kibofu kinabana kabla hakijajaa sawasawa. Na ubongo haupokei taarifa ya kibofu ukiwa usingizini. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloitwa uvivu, na hakuna linalotibiwa kwa fimbo.

Ni wengi kuliko mnavyodhani. Katika watoto 100 wa miaka 5, kama 15 bado wanalowesha. Wakifika miaka 10 wanabaki kama 5. Mzazi mmoja akiwa alikojoa utotoni, uwezekano wa mtoto ni kama 44 kwa 100, wakiwa wote wawili unafika 77 hivi. Kwa hiyo baba yake kijana wako amesema jambo kubwa sana jioni ile, na ningependa amwambie na mtoto mwenyewe.

Kuhusu usiku wa kwanza: alamu ikilia, kazi ni yako wewe. Nenda, mwamshe kabisa, aamke hadi ajue jina lake na yuko wapi. Yeye mwenyewe ndiye aizime, si wewe. Aende akamalize kukojoa hata kama kimebaki kidogo. Abadili nguo, akusaidie kuvuta shuka, mfute kile kibanio kwa maji safi na kitambaa kikavu, akibane tena, alale. Kila usiku, bila kuruka. Wiki mbili za mwanzo mwanafunzi ni mzazi.

Mzee wa Kisarawe

Mimi nina watoto saba na wajukuu. Hatukununua mashine. Mtoto unamwamsha saa sita unampeleka chooni, unamnyima maji jioni, basi. Hivi vitu vya kuletewa vinatufanya tusahau kulea.

Mama wa Tabata

Mzee wangu shikamoo. Sikupingi kwa ubishi. Hilo la saa sita nimelifanya miaka miwili kamili. Nilikuwa namnyanyua, anatembea macho yamefumba, anakojoa kwenye beseni, narudi namlaza. Asubuhi ukimuuliza uliamka? Anasema hapana. Nikisafiri, kitanda kimelowa. Kitanda kilikuwa kinakauka kwa sababu mimi nimeamka, yeye hajajifunza lolote. Alamu inamgusa dakika ileile mkojo unapoanza kutoka, siyo saa ninayoitaka mimi. Hiyo ndiyo tofauti niliyoiona.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Mzee shikamoo. Naongezea kidogo kwenye maji, maana hapa watoto wanaumia. Mtoto wa miaka 8 anahitaji lita moja au moja na robo hivi kwa siku, ya vinywaji vyote. Tatizo la watoto wetu ni kwamba shuleni hawanywi, kwa sababu vyoo vya shule vinawatisha. Anarudi saa kumi ana kiu ya siku nzima, anakunywa yote jioni, na bibi anamwongezea kikombe cha chai ya rangi usiku. Chai nayo inachochea mkojo. Mpe maji asubuhi, mpe ya kubeba, akirudi mpe, saa moja kabla ya kulala ndiyo apumzike.

Na hili naomba mlisome mara mbili: mtoto mwenye seli mundu usimnyime maji hata siku moja. Wanalowesha sana kwa sababu figo zao haziwezi kukamua maji kwenye mkojo, na wakikaushwa wanapata maumivu makali. Huyo aende kliniki yake, asianze na alamu ya mtandaoni.

Vivyo hivyo mtoto aliyekuwa mkavu miezi sita au zaidi halafu ghafla akaanza. Akiwa na kiu isiyoisha na anakonda, apimwe sukari siku hiyohiyo. Akiwa na homa au maumivu ya kukojoa, apimwe UTI. Akiwa anapata choo kigumu kila baada ya siku tatu, tibuni choo kwanza, kwa sababu kinyesi kilichojaa kinasukuma kibofu. Akiwa anakoroma na kulala mdomo wazi, aangaliwe nyama za puani. Na kama hakuna yote hayo, kaa naye kwa upole, uliza kama kuna mtu anamtisha au anamfanyia jambo baya.

Mtoto wa Bweni

Nina miaka 34. Sijawahi kuandika hili popote.

Nilipelekwa bweni kidato cha kwanza nikiwa bado nakojoa. Baba alisema shule itaninyoosha. Nilipewa kitanda cha juu. Nadhani mnaelewa. Baada ya usiku wa tatu nikawa nalala chini ya kitanda kwenye kanga ya mama, ili ikilowa niikunje kabla hawajaamka. Mchana sikunywa maji kabisa. Usiku nilijikalia macho hadi saa tisa, darasani nalala. Waliponigundua walinibebesha godoro kuzunguka bweni lote, na mwalimu wa zamu alisimama anatazama. Nilitoroka muhula wa pili, nikarudi nyumbani nikaambiwa nimechezea ada.

Iliacha yenyewe nikiwa na miaka 15. Hakuna aliyenifanyia kitu. Iliacha tu.

Mama wa Tabata, mimi mwanangu ana miaka 6 na ameanza kulowesha kama mimi. Uzi wako nimeusoma nikiwa kazini nikatoka nje. Endelea kueleza tafadhali.

Mama wa Tabata

Kaka yangu, pole. Pole sana. Hilo la godoro nimelisoma nikamwangalia wangu alipolala. Kwetu mjadala wa bweni ulikuwepo, na tumeufunga.

Sasa mrejesho wa wiki ya 2. Nilinunua daftari dogo. Daktari aliniambia niandike saa na ukubwa wa doa. Nikaona kupima kwa rula ni usumbufu saa sita za usiku, nikatumia vyombo vya jikoni: sinia, sahani, kisosi. Wiki ya kwanza yote ni sinia, saa tano, saa tano na nusu, usiku mwingine mara mbili. Usiku wa kumi nikaandika sahani. Usiku wa kumi na moja, sahani. Nilikuwa nimesinzia kiasi kwamba sikujali, hadi asubuhi nilipofungua daftari nikaona.

Ndoo tumeweka chumbani, maana choo chetu kiko nje, na kumtoa mtoto kwenye chandarua, kufungua makufuli mawili gizani, mkojo haukusubiri. Tochi ipo kwenye msumari kichwani kwake. Jioni kabla ya kulala tunafanya mazoezi: analala kwa kujifanya, nalowanisha kibanio kwa kidole, kinalia, ananyanyuka, anazima, anakwenda kwenye ndoo. Anayafurahia mazoezi kuliko nilivyotegemea.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Dada, hizo sinia na sahani zako ndizo dalili zenyewe. Doa linapungua, saa inasogea mbele, mlio unakuwa mmoja badala ya miwili, mtoto anaanza kuamka kwa sauti. Mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayoandika miongozo ya tiba, uliotoka 2010 unasema ukiangalia wiki ya 4 na hakuna hata dalili moja ya hizo, simama. Kama ipo, endelea mpaka apate usiku 14 mikavu mfululizo. Watoto wengi ni kati ya miezi miwili na mitatu.

Mwana wa Kisauni

Mimi niko Mombasa. Wangu ni msichana, miaka 7, na twalala chumba kimoja na mamangu na mdogo wake. Nina maswali mawili. Kwanza hili joto letu, jasho haliifanyi ikalia bure? Pili, dada mdogo hatalala?

Mama wa Tabata

Dada, la jasho ni kweli. Wiki ya kwanza ililia mara mbili chupi kavu kabisa. Sasa namvalisha chupi mbili za pamba zenye kubana, kibanio nakiweka kwenye ya nje, upande wa ndani, pale mbele mkojo unapoanzia. Kwa msichana kiweke chini zaidi, katikati. Tangu hapo hakijadanganya. Pampasi usimvalishe, zitanyonya mkojo kabla vyuma havijaguswa, na yeye hataona haja ya kuamka.

Mdogo wake alilia siku nne. Ya tano hakusikia tena. Kwa kweli watu wazima ndio tulioteseka.

Mwana wa Kisauni

Na hivi vidonge, daktari wa hapa alinitajia desmopresini. Si rahisi zaidi?

Nesi wa Zamu ya Usiku

Inafanya kazi haraka, na ina nafasi yake, hasa mtoto akienda kulala kwa watu au alamu ikishindikana. Inaiga ile homoni ya usiku. Ila wengi ukiiacha mkojo unarudi, kwa sababu kibofu na usingizi havikufundishwa kitu. Na ina sharti kali: kuanzia saa moja kabla ya kumeza hadi zipite saa nane baada ya kumeza, asinywe maji zaidi ya funda la kumezea. Akinywa mengi, chumvi ya damu inashuka na anaweza kupata degedege. Kwa hiyo ni ya kuandikiwa na daktari, usinunue kwa kuambiwa na jirani.

Alamu nayo si ya kila nyumba. Kama mzazi ni mmoja, anatoka kazini saa nne usiku na kuamka saa kumi, kumwambia aamke mara mbili kila usiku ni kumwonea. Katika watoto kumi wanaoitumia sawasawa, sita au saba wanakauka, na baadhi ya hao hurudia. Ni matokeo mazuri, lakini hayaji bure. Kwa mnaopenda kujua, kifaa hiki si kigeni: daktari wa watoto Pfaundler aliandika 1904 kwamba aliweka kengele kitandani ili tu manesi wajue nani amelowa, na watoto wakaanza kukauka. Mwaka 1938 Mowrer na mkewe huko Marekani wakaifanya kuwa tiba.

Mama wa Tabata

Mrejesho wa wiki ya 5. Nina mabaya na mazuri.

Wiki ya 3 nilikuta kitanda kimelowa chapachapa na alamu haikulia. Nikaitafuta, ipo ndani ya kiatu chake cha shule, imezimwa. Sikumpigia kelele, nashukuru Mungu siku hiyo niliweza. Akasema amechoka, na binamu zake wakija Jumamosi wataona waya. Tukakubaliana: Jumamosi hiyo asivae. Jumapili aliivaa mwenyewe bila kukumbushwa. Baba yake akamkalisha barazani akamweleza habari zake za darasa la sita. Sikuwepo, ila niliwasikia wanacheka.

Baada ya hapo daftari linasema hivi: sahani saa nane. Sahani saa nane na nusu. Kisosi saa tisa, na pembeni nimeandika "ameamka mwenyewe, nimemkuta amesimama". Usiku wa 29 nilishtuka saa kumi na moja alfajiri nikaona kimya. Nikajua betri imeisha. Nikaenda kumgusa. Kavu. Godoro kavu, shuka kavu, chupi kavu. Nilikaa pembeni ya kitanda chake na mkono wangu kwenye shuka hadi kukapambazuka.

Usiku uliofuata, sinia. Ndivyo inavyokwenda.

Mtoto wa Bweni

Nimeagiza ya kwangu. Mke wangu anauliza kwa nini nimeshupaa hivi. Nitamweleza wiki hii.

Mzee wa Kisarawe

Mama wa Tabata, marahaba ya siku ile nilisahau kuitikia. Nasoma. Mjukuu wangu wa Chanika ana miaka 9. Mama yake ananificha mashuka. Nitamwonyesha uzi huu kwenye simu yake.

Mama wa Tabata

Mrejesho wa wiki ya 11. Usiku 14 mikavu mfululizo tuliufikisha wiki ya 9. Kati ya hiyo, mingi haamki kabisa, analala moja kwa moja hadi asubuhi. Daktari akatuambia tusiitoe bado. Tumpe glasi ya maji kabla ya kulala, makusudi, alamu ikiwa bado imevaliwa, kibofu kizoee kubeba. Nilisita sana kumpa ile glasi ya kwanza. Alilowesha usiku mbili, kisosi na kisosi, kisha akakauka tena na glasi yake. Juzi tumeivua.

Makintoshi bado iko chini ya shuka. Sina haraka nayo.

Mama Pacha, Mwanza

Dada, mimi nasoma tangu mwanzo. Nina mapacha wa miaka 8, mmoja ndiye anayelowesha, mwenzake anamlinda, kila asubuhi wanageuza godoro wawili kimyakimya wakidhani sijui. Hiyo alamu kama mmemaliza, unaiuza?

Mama wa Tabata

Siuzi, dada. Nimeiosha vyuma kwa maji na spiriti, nimeweka betri mpya, nimeongeza daftari tupu. Naiweka kwenye basi la kesho alfajiri. Namba ya kupokelea nitumie faragha. Usisahau chupi mbili. Na usiku wa kwanza hatasikia, wewe nenda tu.

Mama wa Tabata

Nimerudi baada ya miezi mitatu, maana niliahidi ukweli wote. Mwezi huu alipata malaria, akalowesha usiku nne mfululizo, na akipona akaendelea. Sikuwa na alamu tena. Mtoto wa Bweni alinitumia yake kwa wiki mbili, maana mwanawe keshakauka. Usiku 6 ikatosha. Ameirudisha kwenye boksi mwenyewe, amekunja waya vizuri.

Mama Pacha, Mwanza

Na mimi naandika sasa, nisamehe kwa kuchelewa. Nilikaa nayo kabatini nikisubiri shule zifungwe. Jana ndiyo tumeanza. Saa tano na dakika hamsini. Sinia. Yeye hakusikia. Pacha wake ndiye aliyekuja kuniamsha.

Mama wa Tabata

Iandike kwenye daftari, dada. Na leo usiku pia.